Mtoto Apimwe Kabla Hajatoka Wodini

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii sote tumeitia katika insha tangu shule ya msingi, mara nyingine hata pasipokuwa mahali pake, bora tu mwalimu atuongezee alama. Leo nina mahali pake hasa. Nataka kuzungumza juu ya ufa ulio ndani ya damu ya mtoto mchanga. Mama hauoni, nesi hauoni, na hata daktari akimgeuza mtoto huku na huku hauoni. Tone moja la damu ndilo linalouonyesha.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Kila mtoto anayezaliwa Kenya apimwe damu kabla hajaenda nyumbani, ijulikane kama amezaliwa na ugonjwa ambao ukijulikana mapema unaweza kuzuiwa usimharibu. Isiwe bahati ya yule aliyezaliwa katika hospitali kubwa ya mjini. Iwe desturi ya kila wodi, kama ile chanjo ya kifua kikuu tuliyodungwa mkononi ikatuachia kovu dogo.

Ni vizuri tujue jambo hili lilikotoka. Mnamo 1934, huko Norwei, mama mmoja alimpelekea daktari Asbjørn Følling watoto wake wawili. Walizaliwa wakionekana wazima, lakini kadiri walivyokua akili zao zilibaki nyuma, na walikuwa na harufu ngeni. Mama huyo alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi bila jibu. Følling aliupima mkojo wao akagundua ndani yake kitu kisichopaswa kuwemo. Ugonjwa huo baadaye uliitwa fenilketonuria. Anayeurithi ana kasoro katika kimeng'enya kimoja cha ini, kile kinachoibadilisha fenilalanini, ambayo ni sehemu ya protini tunayoipata katika nyama, mayai, maziwa na maharagwe. Isipobadilishwa, hujaa katika damu na kuuharibu ubongo. Hebu fikiria, msomaji: maziwa yale yale yanayomnenepesha mtoto wa jirani ndiyo yanayomwangamiza huyu.

Miaka ya 1950, daktari Horst Bickel na wenzake huko Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba mtoto wa namna hiyo akipewa chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo, hali yake huwa afadhali. Lakini shida ilibaki. Ugonjwa ulikuwa ukitambuliwa wakati ubongo umeshaharibika, na hapo maji yamekwisha kumwagika. Ndipo Mmarekani Robert Guthrie, mapema miaka ya 1960, alipobuni kipimo cha bei nafuu. Mtoto alichomwa kisigino, matone machache ya damu yakadondoshwa kwenye karatasi ya kuchujia, yakakauka, na karatasi ikatumwa maabara kwa posta kama barua. Guthrie mwenyewe alikuwa na mwana mwenye ulemavu wa akili, na mpwa wake wa kike alikuwa ametambuliwa na fenilketonuria kwa kuchelewa. Mnamo 1963 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kuwapima watoto wachanga. Leo, katika nchi nyingi, matone hayo hayo hupimwa magonjwa mengi. Tangu miaka ya 1990 kuna mashine inayoweza kutafuta makumi ya magonjwa ya umetaboli, yaani ya jinsi mwili unavyokitumia chakula, kwa kipande kimoja cha karatasi.

Sasa najua kuna wenzangu watauliza: kwani haya ya Norwei na Marekani yanatuhusu nini sisi? Swali zuri. Fenilketonuria ni adimu sana miongoni mwa Waafrika, na mimi sisemi tuanze nayo. Ninachosema ni kwamba tuazime njia ya Guthrie, tusiazime orodha yake. Kila nchi na ufa wake. Wetu sisi wa huku magharibi, na ndugu zetu wa pwani, unajulikana kwa jina. Ni seli mundu, ambao mitaani tunauita siko seli.

Wataalamu wangenisahihisha kwamba seli mundu si ugonjwa wa kimeng'enya bali ni kasoro ya himoglobini, ile inayobeba hewa katika damu. Ni kweli. Lakini nao hurithiwa, nao hujificha mtoto anapozaliwa, nao huonekana katika tone la damu. Chembe nyekundu, badala ya kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi. Zikijikunja huziba mishipa midogo, mifupa ikauma vibaya sana. Isitoshe, hufa mapema na kumwacha mgonjwa na upungufu wa damu. Mnamo 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya seli mundu hukingwa kwa kiasi fulani na malaria. Ndiyo sababu jeni hii imeenea sana palipokuwa na mbu wengi wa malaria: kandokando ya Ziwa Victoria, huku magharibi na kule pwani. Aliye na jeni moja amepata kinga. Aliye na mbili amepata msiba.

Ugonjwa huu ni mjanja. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya, anacheka, wageni wanamsifu. Hii ni kwa sababu anazaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haijikunji. Himoglobini hiyo hupungua polepole, na karibu na miezi sita ndipo mambo huanza. Viganja na nyayo huvimba, homa haziishi, macho huwa ya manjano. Lililo baya zaidi ni kwamba bandama, ambalo kazi yake ni kuchuja wadudu katika damu, huharibika mapema. Bakteria wa nimonia wakiingia hukuta mlango hauna mlinzi. Wataalamu wamekadiria kwamba katika Afrika, pasipo matunzo, nusu ya watoto hawa au zaidi hufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Wengi huzikwa bila yeyote kujua walikuwa na nini. Watu husema alikufa kwa malaria, au kwa kupungukiwa na damu, basi.

Je, ukijua mapema utafanya nini? Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Mnamo 1986 kulitangazwa utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wenye seli mundu. Waliopewa penisilini mara mbili kwa siku walipata maambukizi ya bakteria wa nimonia pungufu kwa asilimia 84. Asilimia themanini na nne, jamani! Na penisilini si dawa ngeni, ilitumika hata katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka uliofuata, 1987, wataalamu wa huko wakapendekeza kila mtoto mchanga apimwe seli mundu, kwa kuwa dawa hiyo lazima ianze kabla ugonjwa haujajionyesha. Fauka ya hayo, kuna chanjo ya nimonia iliyoletwa Kenya mwaka 2011, kuna dawa za kukinga malaria, na kuna haidroksiurea. Utafiti juu ya dawa hii ya mwisho, uliotangazwa mwishoni mwa 2018, uliwahusisha watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwetu ulifanyika Kilifi. Waliotumia dawa walipata maumivu machache, malaria kidogo, haja ndogo ya kuongezewa damu, na vifo vilipungua. Basi asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu. Ushahidi umetoka kwa watoto wetu.

Mimi mwenyewe nisingeandika haya kama si binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Hadi alipokuwa na miaka minne alikuwa akitibiwa malaria, kila mara malaria, katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku moja aliamka mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umepinda. Alikuwa amepata kiharusi, ugonjwa tunaoudhania ni wa wazee. Hapo ndipo alipopimwa, na jibu likatoka siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Jibu ambalo lingeweza kupatikana akiwa na umri wa siku moja lilingoja miaka minne. Sasa yuko darasa la tano na anaandika kwa mkono wa kushoto. Ni hodari wa hesabu, lakini mpira wa wavu aliokuwa akiupenda anautazama tu.

Hata hivyo, hilo si lote. Wakati wote huo ambapo ugonjwa haukuwa na jina, watu waliupa majina yao. Wengine walisema mtoto ana chira, wengine kwamba amerogwa, na upande wa baba ukasema damu mbaya imetoka kwa mama. Mama mdogo alirudi kwetu na mtoto mgongoni, akakaa karibu mwaka mzima. Kumbe seli mundu haiji kwa mama peke yake. Sisi wa kidato cha tatu bado hatujalifikia somo la urithi, ambalo huja kidato cha nne, lakini hesabu yake ni rahisi, hata wa kidato cha kwanza ataielewa. Chukua sarafu mbili. Moja ni ya baba, nyingine ni ya mama, na kila moja ina upande mmoja wenye mundu. Zirushe. Ili mtoto awe mgonjwa, sarafu zote mbili lazima zianguke upande wa mundu, na hilo hutokea mara moja katika nne. Baba asipoleta mundu wake, ugonjwa haupo. Tena sarafu hazina kumbukumbu. Kwamba mtoto wa kwanza alikuwa mzima hakumwongezei wala hakumpunguzii wa pili chochote. Tone la damu lingemweleza hayo baba mtu tangu mwanzo, na huenda ndoa isingetikisika.

Ugonjwa wa pili ambao ningetaka uanze kupimwa ni upungufu wa homoni ya thairoidi, ile tezi iliyo shingoni. Huu mara nyingi haurithiwi, tezi yenyewe ndiyo haikuumbika vizuri, lakini hujificha vilevile na huuharibu ubongo vilevile. Kwingineko duniani hupatikana mtoto mmoja katika kila watoto 2,000 hadi 4,000. Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja kila mwaka. Gawanya mwenyewe. Ikiwa hali yetu ni kama ya wenzetu, ni watoto wasiopungua 250 kila mwaka. Tiba yake ni kidonge kidogo kila siku, kikianzwa katika majuma mawili ya kwanza. Akikipata, mtoto anakua na akili zake timamu, anakuja kukaa kwenye dawati kama mimi na wewe. Akikikosa, tunamwita majina mabaya njiani. Jamani, tofauti ya watu hawa wawili ni kidonge!

Nilipoyazungumza haya katika mjadala wa chama, nilipata wapinzani watatu wakali, na ni haki niwajibu hapa. Wa kwanza alisema, "Serikali haina pesa. Hata panadol zahanati yetu haina." Sikatai kwamba zahanati zetu zina shida. Lakini hebu tuhesabu upande wa pili. Mtoto asiyejulikana hulazwa mara kwa mara, huongezewa damu, mama huacha shamba na genge lake akakaa wodini majuma mawili, na nauli ya matatu ni juu yake. Gharama ipo tayari, ila tunailipa kwa kuchelewa, na wanaoilipa zaidi ni maskini. Tena siku hizi seli mundu ina kipimo kidogo cha papo hapo, tone moja la damu na jibu kwa dakika chache, bila mashine wala umeme.

Wa pili aliuliza, "Ya nini kumwambia mama habari za ugonjwa ambao hautapona? Si ni kumtia hofu bure?" Huyu alinifanya nifikiri sana. Kwa magonjwa ambayo hatuna la kuyafanyia, namkubalia. Hata Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zilizoandikwa na Wilson na Jungner mwaka 1968, lilitaja kwamba ugonjwa wa kupimiwa watu uwe na tiba inayokubalika. Ndiyo maana sisemi tupime magonjwa hamsini. Nasema mawili, yale tuliyo na dawa zake. Na kuhusu hofu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama anayejua mtoto wake ana seli mundu hukimbia hospitali joto linapopanda. Asiyejua hungoja asubuhi.

Wa tatu alisema akina mama wengi huzalia nyumbani. Hiyo ilikuwa kweli zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 82 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Na hao wanaobaki huwaleta watoto kwenye chanjo ya majuma sita, ambapo kipimo cha seli mundu bado kinafaa. Matokeo yaandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa ule ule wa chanjo, ili mama akihama nayo yahame naye.

Kwa wanaosema haiwezekani Afrika, natoa mifano miwili. Ghana ilianza kuwapima watoto wachanga seli mundu huko Kumasi tangu miaka ya 1990. Na majirani zetu wa Uganda walifanya jambo la busara sana. Walikuwa tayari wanakusanya karatasi za damu kavu za watoto nchi nzima ili kupima virusi vya Ukimwi. Wakasema, mbona karatasi hizi hizi tusizipime seli mundu? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusu sampuli 97,631. Watoto 716 walikuwa na ugonjwa, na zaidi ya 12,000 walikuwa wabebaji. Sisi pia tunakusanya karatasi kama hizo za Ukimwi. Njia ipo, mizigo yake inasafiri kila siku. Kinachokosekana ni kuongeza swali moja kwenye karatasi. Zipo hospitali chache hapa Kenya ambazo zimeanza kupima, nazo nazipongeza, lakini mtoto hachagui hospitali ya kuzaliwa.

Nakiri jambo moja: kupima peke yake hakuponyi mtu. Ukimpima mtoto, jibu likakaa kabatini, umemwibia damu yake. Kwa hivyo ninapodai kipimo, ninadai na mengine matatu pamoja nacho. Jibu lipelekwe nyumbani na mhudumu wa afya wa kijijini, ambaye anajua njia za vichochoro vyetu. Penisilini isikosekane katika zahanati. Na wazazi wote wawili waelezwe pamoja, faraghani, kwamba hakuna wa kulaumiwa, na kwamba mbebaji si mgonjwa.

Mwisho, tusiwaachie wakubwa kila kitu. Humu shuleni mwetu tuna wenzetu wenye seli mundu, baadhi tunawajua na baadhi wanaficha. Mmoja akiomba asikimbie mbio za nyika, tunasema ni mvivu. Akitoka darasani kunywa maji, tunasema anatafuta njia ya kutoroka. Akivaa sweta mchana, tunamcheka. Maji, joto na mapumziko ndiyo dawa yake ya kila siku, kama mwavuli kwa mtu aliye mvuani. Nawaomba walimu wa zamu na walimu wa michezo, kwa heshima zote, mwanafunzi akileta barua ya daktari isomwe hadi mwisho. Na sisi wanafunzi, ambao wengi wetu tutakuwa wazazi kabla miaka kumi na mitano haijapita, twende tukapimwe tujue kama sarafu zetu zina mundu. Si aibu. Aibu ni kuwa na masomo haya yote na bado kumlaumu mama wa mtoto.

Tarehe 19 Juni kila mwaka ni siku ya seli mundu duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Napendekeza chama chetu kiitumie siku hiyo kuandika barua, kwa Kiswahili sanifu, kwa wawakilishi wetu wa wodi na kwa wakuu wa afya wa kaunti, tukiuliza swali moja tu: watoto waliozaliwa mwezi huu katika hospitali zetu, ni wangapi wamepimwa? Tuulize mwaka huu, na mwakani tuulize tena, mpaka tupate jibu.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu.